Resoti Moja, Viwanja Vingi: Kwa Nini Mikwaju 92 Yaweza Kuwa Bora Kuliko 88

Mpwa wangu anayeishi Marekani alituma picha mbili kwenye kundi la familia. Zilikuwa kadi mbili za gofu, za siku mbili mfululizo, zote kutoka resoti moja. Kadi ya Jumamosi ilikuwa na mikwaju 88. Ya Jumapili ilikuwa na 92. Siku hizi kila mtu anajua kwamba kwenye gofu anayepiga mikwaju michache ndiye mshindi, kwa hiyo wajomba na mashangazi wakaanza kumpa pole. "Umeshuka, baba." "Labda ni uchovu." Yeye akajibu kwamba Jumapili ndiyo siku aliyocheza vizuri kuliko zote tangu ashike fimbo. Hakuna aliyemwamini.

Mama yake, ambaye ni dada yangu, yuko huko kwa ziara. Akaniandikia pembeni: "Wewe ulikuwa kedi miaka mitatu, ulibeba mifuko ya watu hadi bega likaota sugu. Hebu nieleze. Hii hoteli ina viwanja vinne. Vyote nyasi, vyote mashimo kumi na nane, vyote bendera. Mtu alipie kitu kimoja mara nne kwa nini?"

Swali lake ni zuri, na silisikii kwake peke yake. Kila mwaka mashindano ya Kenya Open yakionyeshwa kwenye televisheni, watu huuliza mambo ya aina hiyo: kwa nini uwanja huu una kiwango cha 71 na ule 72, kwa nini bingwa wa wiki iliyopita leo anahangaika, kwa nini viwanja vya gofu visiwe sawa kama vya mpira. Majibu yote yanatoka mahali pamoja, kwa hiyo nayaandika hapa kwa utaratibu.

Tuanze na maneno machache. Neno "shimo" katika gofu lina maana mbili, na hapo ndipo wengi hupotea. Kuna kitundu chenyewe ardhini, chenye upana wa milimita 108. Halafu kuna njia nzima ya kukifikia, ambayo yaweza kuwa mita 100 au mita 500. Mtu akisema "shimo la saba ni gumu", anazungumzia njia nzima. Njia hiyo huanzia kwenye tii, kipande cha nyasi kilichosawazishwa ambapo mkwaju wa kwanza hupigwa. Hupita kwenye feawei, yaani nyasi zilizofyekwa vizuri katikati, huku pembeni kukiwa na nyasi ndefu, miti, maji, au mashimo ya mchanga yanayoitwa bunka. Huishia kwenye grini, zile nyasi zilizonyolewa hadi zikawa kama zulia, ambapo kitundu na bendera vipo.

Kila shimo lina kiwango chake cha mikwaju, ambacho wachezaji hukiita "pa". Ni idadi ya mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji hodari sana: mitatu kwa shimo fupi, minne kwa la wastani, mitano kwa refu. Jumlisha mashimo 18 upate pa ya uwanja, ambayo mara nyingi ni 70, 71 au 72. Mtangazaji akisema fulani yuko "kumi chini", maana yake ametumia mikwaju kumi pungufu ya kiwango hicho tangu mashindano yaanze.

Resoti ya gofu ni hoteli au kijiji cha mapumziko kilichojengwa pamoja na uwanja wake. Kwetu tumezoea mahali pamoja, uwanja mmoja. Muthaiga ina wake, Karen ina wake. Ukienda Vipingo Ridge kule Kilifi unalala na kucheza uwanja wa Baobab, kati ya mibuyu, bahari ikionekana chini. Kwingineko ziko resoti zenye viwanja vitano, vinane, hata kumi, na mgeni huhama kutoka kimoja kwenda kingine kila asubuhi.

Sasa swali la dada. Uwanja wa mpira una vipimo vyake. Goli la Kasarani na goli la Benjamin Mkapa yote yana upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na timu ikishindwa kufunga haiwezi kulaumu vipimo vya goli. Kwenye gofu, kilichofungwa na sheria ni upana wa kile kitundu, mpira, na aina ya fimbo. Ardhi imeachwa huru. Hakuna sheria inayosema shimo liwe na urefu gani, lipinde wapi, grini iwe bapa au iwe na mgongo, mchanga uwekwe wapi. Hata hiyo 18 yenyewe ilitokana na mazoea ya mahali pamoja: St Andrews, Uskoti, raundi ilikuwa mashimo 22 hadi 1764, walipounganisha baadhi yakabaki 18, na dunia ikafuata.

Chukua mpanda baiskeli mmoja na baiskeli yake. Mwambie aende kilomita 20 kwenye tambarare ya Ahero. Kesho yake mwambie aende kilomita 20 akipanda escarpment kutoka Mai Mahiu. Mwendeshaji ni yuleyule, baiskeli ni ileile, kilomita ni zilezile, na hakuna mwenye akili timamu atakayelinganisha saa zake bila kuuliza alipita wapi. Mwenye resoti akijenga viwanja vinne, anajenga barabara nne za namna hiyo. Mpinzani wa mchezaji wa gofu ni ardhi aliyosimama juu yake, kwa hiyo ukibadilisha ardhi umembadilishia mpinzani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Pinehurst, katika jimbo la North Carolina, kwa sababu pale historia nzima ya jambo hili inaonekana kwenye mchanga. Mwaka 1895 tajiri wa Boston aitwaye James Walker Tufts, aliyepata mali kwa mashine za kuuzia soda, alinunua ardhi kubwa ya mchanga ambayo misonobari yake ilikuwa imekwisha kukatwa. Alitaka mahali pa kupumzikia watu wa kaskazini wakati wa baridi. Gofu ilikuja baadaye kidogo. Mwaka 1900 akaajiriwa Mskoti, mchezaji na msanifu wa viwanja, Donald Ross kutoka Dornoch, na Ross akaishi hapo hadi alipofariki mwaka 1948. Leo resoti ile ina viwanja vyenye namba 1 hadi 10, cha kumi kikiwa kimefunguliwa mwaka 2024, na pembeni yake kuna kingine kidogo cha mashimo tisa kiitwacho The Cradle.

Watu wengi wakisikia namba hizo hudhani ni madaraja, kwamba namba 1 ndiyo bora na namba 10 ni ya kujazia. Sivyo. Namba hufuata zaidi zamu ya uwanja kuingia katika familia. Namba 9 ilijengwa na bingwa wa zamani Jack Nicklaus mwaka 1989 ikiwa klabu ya watu wengine, kisha resoti ikainunua mwaka 2014 na kuipa namba, ingawa namba 8 ilijengwa baadaye, mwaka 1996. Namba 2 ndiyo yenye sifa duniani. Namba 4 ilisukwa upya na msanifu Gil Hanse mwaka 2018, na namba 3 ni fupi, yadi 5,100 hivi, hata mtu mzima asiyepiga mbali anaweza kuimaliza kwa furaha.

Nibaki kwanza kwenye namba 2, maana hapo ndipo utaelewa kwa nini kipimo cha mita peke yake hakisemi ugumu.

Fudikiza bakuli juu ya meza, kisha jaribu kuweka gololi juu yake itulie. Grini nyingi za namba 2 ziko hivyo. Wengine huzifananisha na mgongo wa kobe. Ni pana ukiziangalia kwa macho, lakini pembe zote zinashuka kuelekea nje, kwa hiyo sehemu ambayo mpira unaweza kutulia ni ndogo kuliko unavyoiona. Mpira ukitua mita mbili tu pembeni ya pale ulipotakiwa, unaanza kuondoka polepole, unaongeza mwendo, unatoka kwenye grini na kushuka bondeni mita kumi, kumi na tano. Mchezaji amepiga mkwaju ambao kwenye uwanja mwingine wa resoti hiyohiyo ungempa makofi. Hapa unampa mkwaju mwingine wa kupanda mlima. Akipiga kwa nguvu kidogo tu, mpira unavuka mgongo na kuteremka upande wa pili. Mtu anaweza kwenda huku na huku kama anayefukuza kuku.

Na mabingwa wanakutana na hayohayo. US Open, mashindano makubwa ya wazi ya Marekani, imechezwa namba 2 mara nne. Mwaka 1999 Payne Stewart alishinda akiwa mkwaju mmoja tu chini ya pa kwa siku zote nne. Mwaka 2005 Retief Goosen wa Afrika Kusini, bingwa mtetezi, aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu na akapiga 81. Michael Campbell wa New Zealand akatwaa kombe kwa kulingana na pa, hakuna chini wala juu. Mwaka 2014 Mjerumani Martin Kaymer alipata jibu lake: mpira ukitoka nje ya grini, hakujaribu kuurusha juu. Alichukua fimbo ile ya kusukumia mpira kwenye grini na kuusukuma kutoka bondeni, ukapanda ukiviringika. Alishinda akiwa tisa chini. Mwaka 2024 Bryson DeChambeau alifika shimo la mwisho akihitaji mikwaju minne tu ili ashinde, mpira ukaishia kwenye bunka kiasi cha mita 50 kutoka kwenye bendera, mkwaju ambao wachezaji wengi huuogopa kuliko mwingine wowote. Akautoa hadi ukasimama karibu na kitundu, na kumshinda Rory McIlroy kwa mkwaju mmoja.

Pa ilikuwa 70 mara zote nne. Mshindi wa mwaka mmoja alikuwa sifuri na wa mwingine tisa chini. Uwanja mmoja wenyewe hubadilika kwa jinsi nyasi zilivyokatwa, mvua ilivyonyesha na bendera ilipowekwa. Kama uwanja mmoja unatofautiana na nafsi yake kiasi hicho, usishangae viwanja viwili vya jirani vikiwa dunia mbili.

Kuna jambo la namba 2 litakalowagusa wachezaji wa zamani wa kwetu. Grini zake zilikuwa za mchanga hadi katikati ya miaka ya 1930. Ndiyo, mchanga. Uwanja unaotajwa leo kama fahari ya Marekani ulichezwa miaka na miaka kama vile wazee wetu walivyocheza kwenye klabu nyingi za bara, Afrika Mashariki yote, ambako grini ilikuwa duara la mchanga uliochanganywa na oili, na kazi ya kedi ilikuwa kuburuta kibao kutoka kwenye mpira hadi kwenye kitundu ili kusawazisha njia. Waliziita "brauni" kwa sababu ya rangi yake. Nimewahi kusikia vijana wakizitaja kwa aibu, kana kwamba haikuwa gofu. Ilikuwa gofu. Ross alibadilisha za namba 2 kuwa nyasi baada ya kupata aina ya nyasi iliyostahimili joto la kusini, na mwaka 1936 mashindano ya PGA, ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, yakachezwa juu yake.

Nyasi nazo zinastahili maelezo marefu, maana kedi yeyote atakuambia kwamba nyasi ndizo humfundisha mgeni adabu. Nyasi za kikuyu, zinazoota zenyewe nyanda za juu za Kenya na ambazo jina lake linatokana na huko, zilisafirishwa zikaenea duniani. Riviera, uwanja maarufu wa Los Angeles, una feawei za nyasi hizo. Nyasi za kikuyu ni nene, zina vikonyo vigumu vinavyosukana. Kwenye feawei iliyokatwa vizuri mpira hukaa juu yake kana kwamba umewekwa kwenye mto, ni raha kuupiga. Toka mita tatu pembeni na mambo yanageuka: mpira unazama, na fimbo ikishuka zile nyasi zinaishika shingo na kuigeuza mkononi. Niliwaona watu wazima wenye nguvu wakipiga na mpira ukasogea mita mbili. Halafu mpira ukitua mbele ya grini ya nyasi hizo hauviringiki, unasimama palepale. Kwa hiyo aliyekulia kwenye nyasi za kikuyu amezoea kuurusha mpira hadi juu ya grini.

Mtu huyo akienda uwanja wa mchanga kama Pinehurst, wenye nyasi fupi aina ya bermuda na ardhi ngumu inayokunywa maji haraka, mpira wake unatua na kuendelea kukimbia. Mazoea aliyokuja nayo yanamwangusha. Pale inambidi autue mpira mita 20 kabla ya grini na kuuacha ujiendee. Na feawei za namba 2 hazina nyasi ndefu pembeni. Mwaka 2010 na 2011 wasanifu Bill Coore na Ben Crenshaw waling'oa zaidi ya ekari 30 za nyasi zilizokuwa zikimwagiliwa, wakarudisha mchanga wazi na mashada ya nyasi pori ngumu kama waya. Vinyunyizio vya maji vikapungua kutoka karibu 1,150 hadi 450 hivi. Wanaosema uwanja mzuri lazima uwe kijani kibichi kila kona wangefaa kuitazama picha ya namba 2 wakati wa kiangazi: feawei ina rangi ya ngano katikati ya mchanga, na mabingwa wanaiheshimu hivyohivyo.

Upepo nao. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili. Anayecheza Kilifi wakati wa kusi na anayecheza wakati wa kaskazi wanapita njia moja wakikutana na shida tofauti: shimo lililokuwa jepesi kwa upepo wa mgongoni miezi minne iliyopita sasa linakupiga usoni, na fimbo uliyoitumia haifiki. Bandon Dunes, resoti iliyo juu ya majabali ya bahari katika jimbo la Oregon, imejengwa ikijua hivyo. Ina viwanja vitano vya mashimo 18, vilivyofunguliwa kati ya 1999 na 2020, na wachezaji hutembea kwa miguu, hakuna kuzunguka kwa vigari vya umeme. Pacific Dunes iko ukingoni mwa bahari. Bandon Trails inaanzia kwenye vilima vya mchanga kisha inaingia msituni, ambako miti huzuia upepo na mpira unatii. Sheep Ranch, ile ya 2020, haina bunka hata moja ya mchanga, kwa kuwa upepo wa pale ungeuchota mchanga wote. Mgeni aliyecheza Trails asubuhi na Sheep Ranch alasiri anakuwa amecheza michezo miwili ndani ya siku moja.

Nairobi ina la kwake, nalo ni kimo. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi, mpira huruka mbali kuliko unavyoruka Mombasa. Kijana wa Nairobi akishuka pwani hudhani mkono umelegea.

Nirudi kwenye tii, kwa sababu hapo kuna dhana inayowaumiza watu bila sababu. Kila shimo lina tii kadhaa, zimewekwa alama za rangi. Za nyuma kabisa ni za mabingwa. Kadiri unavyosogea mbele, njia inafupika. Wanaume wengi huambiwa kwamba tii za mbele ni "za wanawake", wakaona haya kuzitumia, wakaenda nyuma na kuteseka kwa muda wa saa tano huku wakichelewesha kila aliye nyuma yao. Rangi ni umbali tu. Uwanja mmoja wenye seti tano za tii ni kama viwanja vitano vilivyowekwa kimoja ndani ya kingine, na aliyechagua tii inayolingana na nguvu zake ndiye anayeuona uwanja kama aliyeusanifu alivyotaka uonekane. Namba 2 kwa mabingwa mwaka 2024 ilipita yadi 7,500, karibu kilomita saba. Hakuna mgeni wa wikendi anayelazimika kuanzia huko.

Sasa tufike kwenye kadi mbili za mpwa wangu. Hesabu ipo, ila ni ya shule ya msingi.

Kwenye kadi ya uwanja, kwa kila rangi ya tii, huandikwa namba mbili ambazo wasiocheza hawazitazami kamwe. Ya kwanza ni kadirio la uwanja: mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari siku akiwa vizuri. Hii ni tofauti na pa. Pa ni namba nzima inayotokana zaidi na urefu wa mashimo. Kadirio hutolewa na watu waliokuja kupima uwanja wenyewe, wakaangalia bunka, maji, upana wa feawei, mitelemko, na huwa na nukta. Kadi ya Jumamosi iliandikwa 69.0. Ya Jumapili, 74.0.

Namba ya pili huitwa slopu. Inaanzia 55 hadi 155, na 113 inahesabiwa kuwa ya kawaida. Hii ndiyo inayowachanganya watu wengi, hata wachezaji. Wengi hudhani slopu ni ugumu wa uwanja. Kwa kweli inaonyesha uwanja unavyomtenganisha hodari na mtu wa kawaida. Fikiria watu wawili wanavuka mto, mmoja fundi wa kuogelea na mwingine anajitahidi. Maji yakifika magotini, wote wawili wanavuka karibu sawa. Yakifika shingoni, fundi anapita na mwenzake anataabika. Slopu inakuambia kina cha maji. Jumamosi ilikuwa 116, maji ya magotini. Jumapili ilikuwa 138.

Hesabu yenyewe: toa kadirio kutoka kwenye mikwaju uliyopiga, zidisha kwa 113, gawanya kwa slopu. Jumamosi: 88 kutoa 69 ni 19. Mara 113, gawanya kwa 116, unapata 18.5. Jumapili: 92 kutoa 74 ni 18. Mara 113, gawanya kwa 138, unapata 14.7. Kwenye hesabu hii namba ndogo ndiyo bora. Kijana alisema kweli. Jumapili yake ilikuwa bora kwa karibu mikwaju minne, na familia nzima ilimpa pole siku ya kumpongeza.

Kutokana na hizo namba hupatikana handikepu, kipimo cha uwezo wa mchezaji. Tangu 2020 kuna mfumo mmoja wa dunia uliochukua nafasi ya mifumo sita iliyokuwapo, nao huchukua matokeo yako 20 ya mwisho, ukachagua manane bora, ukatafuta wastani wake. Hapa pana dhana nyingine ya kuondoa: handikepu haikuambii utakachopiga kila siku. Imetokana na siku zako nzuri, kwa hiyo mara nyingi utapiga zaidi ya inavyoonyesha, na hujaharibikiwa na kitu. Tena handikepu unayobeba mfukoni hubadilishwa kila ukifika kwenye uwanja. Mwenye 18 akienda kwenye slopu ya 116 anapewa mikwaju 18 ya nyongeza. Akienda kwenye slopu ya 138 anapewa 22, ukiacha marekebisho madogo ya tofauti kati ya kadirio na pa. Ndivyo rafiki wawili wa uwezo tofauti wanavyoweza kushindana kwa haki kwenye viwanja vyote vinne vya resoti.

Aliye na siku nne na viwanja vinne, ushauri wangu ni asianze na kile chenye jina. Wengi hushuka kwenye ndege na mwili umekakamaa, asubuhi yake wanakimbilia uwanja wa mashindano makubwa, uliolipiwa zaidi, wakautumia kujifunza nyasi. Raundi moja kwa miguu ni kilomita nane hadi kumi. Siku ya kwanza iwe ya uwanja mfupi, ambako utajua mpira unatuaje, unakimbia kiasi gani, grini ina kasi gani. Uwanja mgumu uwekwe siku ya tatu, miguu ikiwa imezoea na macho yamejua kusoma miteremko. Na umwajiri kedi wa pale angalau siku moja. Fimbo utazibeba mwenyewe ukitaka, lakini yeye amekanyaga hizo grini mara elfu. Akikuambia mpira utaenda kulia wakati macho yako yanaona kushoto, msikilize.

Vile viwanja vidogo watu huvidharau bila kuvijua. The Cradle pale Pinehurst, mashimo tisa yote kwa pamoja yana yadi 789, pungufu ya mita 750. Hakuna shimo linalohitaji nguvu. Mtoto anacheza na babu yake, na grini zake zina mabonde yaleyale ya kufikirisha. Kila nionapo resoti inatenga ardhi nzuri kwa uwanja wa namna hiyo nafurahi kwa dhati, kwa sababu huko ndiko mtu asiye na handikepu, asiye na mfuko wa fimbo 14, anapata kuonja.

Nilimtumia dada hesabu ile ya 18.5 na 14.7, naye akaiweka kwenye kundi la familia. Wajomba wakakaa kimya kidogo, kisha shangazi mmoja akaandika, "Basi hongera, baba." Usiku dada akanipigia simu. Hakuuliza tena kuhusu mwanawe. Aliuliza kama uwanja mwingine mfupi wa mashimo tisa, ulio nyuma ya hoteli yao, unaweza kuchezwa na mwanamke wa miaka sitini na mbili ambaye hajawahi kushika fimbo. Nikamwambia aende asubuhi mapema kabla jua halijapanda, avae viatu bapa, aombe fimbo tatu tu, na asiandike mikwaju.